Punje zinapoingiliana kwenye skripti ya DEM: anza kwa kuuliza zimeanza lini

Ukiona kwenye skrini punje mbili zimekalia nafasi moja, au ukiendesha skripti halafu mahindi yote yakaruka nje ya faneli kama bisi, usikimbilie kubadilisha namba za mata, yaani sifa za punje kama ugumu na densiti. Jiulize kwanza: kuingiliana huko kumeanza lini? Kabla ya hatua ya kwanza? Ndani ya hatua chache tu? Punje zilipodondoka na kugongana? Au taratibu, kadiri mzigo ulivyopanda juu yake? Karibu kila mara jibu la swali hilo ndilo linalotaja chanzo, na mwongozo huu wote nimeupanga kulifuata.

Kazi yangu ni kuchora faneli na mapipa ya nafaka kwa mafundi wa kuchomelea hapa Mbeya. Kabla bati halijakatwa, naupitisha mchoro kwenye simulesheni inayofuatilia kila punje peke yake, ile inayojulikana kwa kifupi kama DEM (Discrete Element Method). Natumia Yade, programu huria iliyoanzia Grenoble, Ufaransa, inayoendeshwa kwa skripti za Python kwenye Linux. Mifano yangu yote ni ya Yade, ila hesabu zenyewe zinamfaa pia anayetumia LAMMPS, LIGGGHTS au skripti aliyojiandikia.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito mkubwa kwa sababu moja. Punje zinazoingiliana kupita kiasi hujibana na kupenya kwenye mdomo mwembamba ambao mahindi halisi yangekwama. Skrini inaonyesha faneli inamwaga vizuri, fundi anakata bati, halafu mwenye mashine anashinda akigonga faneli kwa nyundo ili unga wa watu utoke. Anayelipia hitilafu ya skripti ni yeye, na hajui hata kwamba kulikuwa na skripti.

Kiasi gani ni halali

Kwenye DEM ya punje laini, iliyoelezwa na Peter Cundall na Otto Strack mwaka 1979 katika jarida la Géotechnique, punje zinaruhusiwa kuingiliana kidogo. Ndivyo mbinu yenyewe inavyofanya kazi: programu hupima kina cha kuingiliana, hukizidisha kwa ukakamavu wa springi ya kufikirika iliyo kati ya punje mbili, na jibu ndilo kani inayozisukuma zitengane. Bila kuingiliana hakuna kani. Kwa hiyo usitafute sifuri.

Kina chenyewe ni hesabu ya kutoa tu: jumla ya nusu vipenyo viwili, toa umbali kati ya vitovu. Jibu likiwa hasi, punje hazigusani. Ila kina kwa milimita hakisemi mengi, kwa hiyo kigawanye kwa nusu kipenyo cha punje iliyo ndogo kati ya hizo mbili upate asilimia. Vipimo vyangu ni hivi: nafaka iliyotulia isizidi 1%, punje zinazogongana wakati wa kudondoka nazivumilia hadi 5% kwa muda mfupi, ikizidi 10% matokeo yote nayatupa, hata kama yananipendeza.

Nitatumia punje moja kwenye hesabu zote: tufe lenye nusu kipenyo cha 4 mm na densiti ya 1200 kg/m³. Tungamo lake ni gramu 0.32, na hapo tuko karibu na punje halisi ya mahindi.

Pima bila kuitegemea injini

Watu wengi hupima kuingiliana kwa kusoma `penetrationDepth` kutoka kwenye orodha ya migusano ya Yade. Orodha hiyo ina upofu wa aina mbili. Kabla ya hatua ya kwanza ni tupu, kwa hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu upangaji wako wa mwanzo. Pili, inajua migusano ile tu ambayo umeielekeza injini, yaani sehemu ya programu inayotafuta migusano na kukokotoa kani, iitafute. Kama tatizo ni kwamba injini haizioni punje fulani, orodha itakuambia mambo ni shwari. Ndiyo maana napima kwa nafasi na nusu vipenyo peke yake:

```
import numpy as np
from scipy.spatial import cKDTree

def pima(kikomo=0.01):
    punje = [b for b in O.bodies if isinstance(b.shape, Sphere)]
    x = np.array([tuple(b.state.pos) for b in punje])
    r = np.array([b.shape.radius for b in punje])
    jozi = cKDTree(x).query_pairs(2*r.max(), output_type='ndarray')
    if len(jozi) == 0:
        print('hatua', O.iter, 'hakuna punje zilizokaribiana')
        return
    i, j = jozi[:,0], jozi[:,1]
    umbali = np.linalg.norm(x[i]-x[j], axis=1)
    uwiano = (r[i]+r[j]-umbali)/np.minimum(r[i], r[j])
    k = uwiano.argmax()
    print('hatua', O.iter, 'jozi mbaya', int((uwiano > kikomo).sum()),
          'kubwa kuliko zote', round(100*uwiano[k], 2), '%',
          'namba', punje[i[k]].id, punje[j[k]].id, 'mahali', x[i[k]])
```

Mti wa `cKDTree` huokoa muda: badala ya kulinganisha kila punje na kila punje, hutafuta majirani tu. Kwa punje elfu kadhaa jibu huja papo hapo hata kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Iite mara moja kabla ya kuendesha, halafu iweke ndani ya injini ijiite yenyewe:

```
O.engines = [
    ForceResetter(),
    InsertionSortCollider([Bo1_Sphere_Aabb(), Bo1_Facet_Aabb()]),
    InteractionLoop(
        [Ig2_Sphere_Sphere_ScGeom(), Ig2_Facet_Sphere_ScGeom()],
        [Ip2_FrictMat_FrictMat_FrictPhys()],
        [Law2_ScGeom_FrictPhys_CundallStrack()]),
    NewtonIntegrator(gravity=(0,0,-9.81), damping=0.2),
    PyRunner(command='pima()', iterPeriod=500)]
O.dt = 0.3*PWaveTimeStep()
pima()
```

Soma mambo matatu kwenye kila mstari unaochapwa: jozi mbaya zinaongezeka au zinapungua, asilimia kubwa ni ipi, na iko mahali gani. Mahali pana maana yake. Jozi mbaya zikikusanyika chini ya faneli ni habari moja. Zikiwa zimetawanyika kila upande ni habari nyingine kabisa.

Zikiwepo tangu hatua ya 0

Kama `pima()` inaleta jozi hata moja kabla ya kuendesha, fizikia haina kosa lolote. Tazama namna punje zilivyopangwa.

Kisa ninachokiona zaidi ni cha mtu kurusha punje kwa `np.random.uniform` ndani ya sanduku, akiamini kwamba sanduku ni kubwa na punje ni chache. Hebu tuhesabu. Chukua punje 2000 za 4 mm ndani ya sanduku la sentimita 20 kila upande. Punje zote kwa pamoja zinachukua chini ya 7% ya ujazo. Sanduku ni tupu kwa zaidi ya 93%. Hata hivyo, ukizirusha ovyo utapata kama jozi 500 zilizoingiliana. Punje 2000 zina jozi karibu milioni 2, na kila jozi inayo nafasi yake ndogo ya kukutana. Jicho halikubali, ila hesabu ndiyo hiyo.

Sasa tazama kinachotokea ukiendesha. Punje mbili zimeingiliana kwa 2 mm, moduli ya Young (E), yaani kipimo cha ugumu wa mata, ni 1e7 Pa (milioni 10). Yade huhesabu ukakamavu wa mgusano wa punje mbili zinazofanana kuwa E mara nusu kipenyo, yaani 40,000 N/m. Nishati iliyofichwa kwenye springi hiyo ikiachiwa, kila punje inaondoka kwa karibu 15.8 m/s, sawa na 57 km kwa saa, na hakuna aliyeisukuma. Ukiongeza E mara 100 kwa nia ya kuzikaza zisiingiliane, kasi hiyo inapanda mara 10 na kufika 158 m/s. Kijana mmoja wa chuo alinitumia skripti yake akilalamika: “Dada, kila nikiongeza ugumu ndiyo zinazidi kuruka.” Alikuwa anaeleza hesabu hii bila kujua, na skripti yake ilikuwa na jozi mbaya tele kwenye hatua ya 0.

Tiba ni kupanga upya. `makeCloud` ya Yade hukataa kuweka punje mahali penye punje nyingine:

```
from yade import pack
sp = pack.SpherePack()
sp.makeCloud((0,0,0.3), (0.2,0.2,0.5), rMean=0.004, rRelFuzz=0.1, num=2000)
print(len(sp))
sp.toSimulation(material='mahindi')
```

Jina `mahindi` ni la mata uliyoisajili kabla kwa `O.materials.append`. Ule mstari wa `len(sp)` usiuache. Nafasi ikiwa ndogo, `makeCloud` itaweka punje chache kuliko ulizoagiza. Usipohesabu utadhani umejaza faneli na hujajaza.

Usipotaka `makeCloud`, zipange kwa safu kama mayai kwenye trei, umbali wa 2.2 r kati ya vitovu, kisha sogeza kila punje kidogo chini ya 0.1 r kwa kila mhimili ili zisikae kwa mpangilio wa kijeshi. Hapo r iwe ya punje kubwa kuliko zote, si ya wastani.

Mengine ya hatua ya 0 nayapitia haraka, kwa sababu ukiyajua yanakwisha kwa dakika. Nusu kipenyo na kipenyo: Yade inataka nusu kipenyo, ilhali faili la data la LAMMPS la matufe huandikwa kipenyo. Ukihamisha nafasi kutoka huku kwenda kule bila kugawa kwa 2, kila punje inakuwa kubwa mara mbili na zote zinaingiliana. Vipimo: faili la STL, lenye umbo la faneli, halina milimita wala mita ndani yake, ni namba tupu. Faneli iliyochorwa kwa milimita ikiingia kwenye skripti ya mita inakuwa kubwa mara 1000, na kinyume chake punje zinajikuta zimesongamana ndani ya bati. Marudio: ukiendesha skripti mara ya pili kwenye terminali ileile bila `O.reset()`, punje zinaongezwa juu ya zilizokuwepo, na zikipangwa mahali palepale zinakaa kitovu kwa kitovu. Dalili yake ni `pima()` kuleta 200% kamili, na punde nafasi zinakuwa `nan` (si namba tena), kwa sababu vitovu vikiwa mahali pamoja hakuna uelekeo wa kusukumia.

Kuna wakati upangaji si wako, umepewa faili na huwezi kuupanga upya. Hapo zipunguze punje zote kwa `growParticles(0.8)`, au chini zaidi mpaka `pima()` iwe safi, halafu zikuze kidogokidogo, kila mara kwa 1% au pungufu, ukiziacha zitulie katikati na kuita `calm()` ili kasi irudi sifuri. Ni kazi ya subira, na mkusanyiko unaopatikana ni halali.

Hatua ya 0 ni safi, lakini baada ya muda mambo yanachafuka yenyewe

Punje zilikuwa zimetulia, kisha zinaanza kutetemeka. Kina kinakua, kasi inakua, `unbalancedForce()`, kipimo cha Yade cha jinsi kani zilivyo mbali na kusawazika, haishuki. Nishati inaongezeka bila mtu kuiongeza. Hapo shuku hatua ya muda, `O.dt`.

`PWaveTimeStep()` hukupa nusu kipenyo mara kipeuo cha pili cha (densiti gawanya kwa E). Kwa punje yetu yenye E ya 1e7 ni kama 4.4e-5 sekunde. Linganisha na muda ambao punje mbili hugusana zikigongana, kama 2.0e-4 sekunde. Maana yake ukitumia hatua nzima, mgongano wote unapimwa kwa hatua 4 na nusu. Punje inaingia ndani kwa kina kabla springi haijapata nafasi ya kuizuia, na kani inayokuja baadaye inakuwa kubwa kuliko inavyostahili. Uwiano huo wa 4 na nusu haubadiliki ukibadilisha E, densiti wala ukubwa wa punje, mradi springi ni hii ya mstari na punje zinafanana. Nikizidisha kwa 0.3 napata hatua 15 kwa kila mgongano, na hapo ndipo ninapokaa. Punje iliyobanwa na majirani wengi kwa pamoja ina springi nyingi zinazoivuta na kuisukuma, kwa hiyo inahitaji hatua fupi kuliko jozi iliyo peke yake hewani.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: gawa `O.dt` kwa 2, rudia kutoka mwanzo, linganisha asilimia kubwa kwenye wakati uleule wa simulesheni. Wakati uleule, si hatua ileile. Ikishuka waziwazi, hatua ilikuwa ndefu. Isipobadilika, acha `O.dt` na uende kwenye sehemu inayofuata.

Angalia pia mahali ulipoiita. Namba ile hukokotolewa kwa punje zilizomo wakati huo. Ukiiita kabla ya kuweka punje zote, au ukaongeza chenga za mahindi baadaye, namba ya zamani haifai tena. Chenga yenye nusu kipenyo cha 1 mm inataka hatua fupi mara 4 kuliko punje ya 4 mm, na chenga moja tu inatosha kuvuruga faneli nzima. Vivyo hivyo ukibadilisha E, iite upya.

Usizibe dalili hizi kwa kupandisha `damping`, namba inayozima mtetemeko. Ukiiweka 0.8 mtetemeko utapungua na picha itapendeza, lakini kawaida ya Yade ni kupunguza kani zote, ile ya uvutano ikiwemo, kwa hiyo mahindi yako yatadondoka polepole kuliko mahindi yoyote ya duniani. Kwa mtiririko kwenye faneli hilo ni kosa kubwa kuliko lile ulilokuwa unaliziba.

Punje ni laini kupita kiasi

Sehemu hii inastahili utulivu, kwa sababu kuna visa viwili vinavyofanana kwa jina na kutofautiana kwa tiba.

Kisa cha kwanza ni mzigo. Jozi mbaya ziko chini, zinaongezeka kadiri nafaka inavyopanda, kisha zinabaki palepale. Kwa springi ya Yade, asilimia ya kuingiliana inakadiriwa kwa mara 4 ya kanieneo gawanya kwa E. Mahindi ya nusu mita, yenye densiti ya mkusanyiko ya 720 kg/m³, yanakandamiza chini kwa kama Pa 3500 ukiachilia mbali kiasi kinachobebwa na kuta. Ukiweka E ya 1e5, punje za chini zinaingiliana kwa 14%. Kwa 1e6 ni 1.4%. Kwa 1e7 ni 0.14%, na hapo mzigo si tatizo tena.

Kisa cha pili ni mgongano. Asilimia inaruka juu punje zinapodondoka na inarudi chini zikitulia. Hapa kina ni kasi mara kipeuo cha pili cha (tungamo gawanya kwa ukakamavu), na tungamo hilo ni nusu ya punje moja kwa sababu mbili zinagongana. Punje iliyodondoka nusu mita inafika ikiwa na 3.13 m/s. Kwa E ya 1e6, ile iliyotupa 1.4% tu chini ya mzigo, mgongano unaleta 16%. Kwa 1e7 ni 5%. Kwa 1e8 ni 1.6%. Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu mzigo vizuri, akaridhika, na mgongano ukamharibia.

Jinsi ya kuvitenganisha: zidisha E mara 4, rekebisha `O.dt`, rudia. Kina kikishuka mara 4, ni mzigo. Kikishuka mara 2, ni mgongano. Ukitumia mgusano wa Hertz, ambao kani yake hupanda haraka kuliko kina, badala ya springi ya mstari, namba zinakuwa kama 2.5 kwa mzigo na 1.7 kwa mgongano. Kisiposhuka kabisa, ukakamavu hauhusiki; rudi kwenye upangaji au nenda kwenye sehemu ya migusano isiyoonekana.

Kupandisha E kuna gharama. Mahindi makavu yenyewe ni magumu kuliko 1e7 kwa mbali sana, lakini simulesheni ya sekunde 10 kwa E ya 1e7 inahitaji kama hatua 760,000, na kwa 1e9 ni kama milioni 7.6. Kwenye mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata jibu. (Weka `O.save`, inayohifadhi simulesheni, ndani ya `PyRunner` kwa vyovyote vile.) Kwa mzigo hakuna njia nyingine ila kupandisha E mpaka asilimia ikubalike. Kwa mgongano iko njia ya bei nafuu: shusha mahali punje zinapodondokea. Kutoka sentimita 50 hadi 5, kasi inashuka hadi kama 0.99 m/s na 5% ile inakuwa 1.6%, sawasawa na kuongeza E mara 10, bila hatua hata moja ya ziada. Ninajaza faneli kwa tabaka, kila tabaka likidondokea juu ya lililotulia, kama mtu anavyomimina debe karibu na mdomo badala ya kulitupia kutoka juu.

Pima inaona, injini haioni

Chukua namba mbili zilizochapwa na `pima()` na uulize injini kama inaujua mgusano huo, baada ya kuendesha angalau hatua moja:

```
O.interactions.has(112, 340)
```

Ikijibu `False` huku punje zimeingiliana, hakuna springi kati yake. Zinapitana kama kivuli, na hakuna E wala `O.dt` itakayosaidia. Tazama `mask` za punje hizo mbili: Yade hugusanisha miili yenye angalau biti moja ya pamoja, kwa hiyo kundi lenye 1 na kundi lenye 2 havitagusana kamwe. Tazama pia `avoidSelfInteractionMask`, ambayo mtu huiweka kwa kazi nyingine na kuisahau ikinakiliwa kwenye skripti mpya.

Kwa bati la faneli, kagua vipande viwili: `Bo1_Facet_Aabb()` kwenye kitafuta migusano na `Ig2_Facet_Sphere_ScGeom()` kwenye mzunguko wa migusano. Kimoja kikikosekana, punje zinapenya bati. Ukitumia ukuta wa aina ya `Wall` au `Box`, hivyo vina vipande vyao, vile vya facet (pembetatu za bati) havivihudumii. Na kumbuka kwamba bati la pembetatu halijui ndani wala nje. Kitovu cha punje kikishavuka, bati litaisukuma punje hiyo kwenda upande iliko sasa, yaani nje kabisa. Ukiona punje zinachomoka kwenye bati moja baada ya nyingine huku migusano yote inatambulika, tafuta kasi kubwa au ukakamavu mdogo, si shimo kwenye STL.

Jambo dogo la mwisho hapa: ukiunda punje ya mahindi kwa matufe kadhaa yaliyofungwa pamoja, matufe hayo yameingiliana kwa makusudi na hayagusani yenyewe kwa yenyewe. `pima()` itayahesabu kuwa mabaya. Ondoa jozi zenye `clumpId` moja, isipokuwa -1, ambayo ni ya punje zilizo peke yake.

Baada ya kusafisha

Nina vipimo viwili vya nje ambavyo havitegemei migusano kabisa. Cha kwanza ni ujazo. Chagua sanduku katikati ya nafaka iliyotulia, jumlisha ujazo wa punje zilizomo, gawanya kwa ujazo wa sanduku. Matufe yenye ukubwa unaokaribiana yakimiminwa ovyo hukaa karibu na 0.6, na hata ukiyatikisa hayapiti 0.64 yakiwa hayana mpangilio. Mpangilio bora kuliko wote wa matufe yanayolingana ni 0.74, na hakuna unaozidi hapo. Ukipata 0.7 kwenye faneli iliyomiminwa, punje zinakaliana hata kama `pima()` hujaiita.

Cha pili ni mtiririko. Kanuni ya Beverloo ya mwaka 1961 inakadiria nafaka inayotoka kwenye mdomo wa duara: 0.58 mara densiti ya mkusanyiko, mara kipeuo cha pili cha uvutano, mara (kipenyo cha mdomo toa 1.4 ya kipenyo cha punje) kwa kipeo cha 2.5. Mdomo wa 60 mm kwa mahindi yetu unatoa kama 0.69 kg kwa sekunde, yaani kilo 41 kwa dakika. Ni makadirio, kwa hiyo tofauti ya sehemu ndogo hainishtui. Simulesheni ikitoa mara moja na nusu ya hapo, narudi kwa `pima()` na kuangalia punje zinazopita mdomoni peke yake, kwa sababu hapo ndipo ulaini hufichika: kwingine ndani ya faneli kunaweza kuwa na 0.5% huku mdomoni punje zinabanana kwa 6%. Mdomoni nikikuta chini ya 1% na bado kilo ni nyingi, nahamia kwenye pembe ya msuguano na mteremko wa bati, kwa kuwa kuingiliana hakuhusiki tena.